Kufuli hili lina ufunguo wake



Wiki kadhaa zilizopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja wa usharika wetu alinifuata pale nje tunaponadi mazao yaliyotolewa sadaka. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, ni kweli ndani ya ubongo wa mtu kuna sehemu zinazopokea bangi? Kama ni Mungu aliyeziweka, dhambi iko wapi?"

Nilimjibu haraka, kama tunavyowajibu vijana wengi. Nilimwambia aache upuuzi, bangi ni bangi. Akanyamaza, akaondoka. Jumapili iliyofuata sikumwona, wala ile iliyofuata. Ndipo nikakumbuka kwamba kijana yule alikuwa amemzika mama yake miezi michache tu nyuma. Mtu aliyefiwa akiuliza swali la namna ile, mara nyingi haulizi kwa ubishi. Anatafuta usingizi.

Nikaona ni heri nijifunze kabla sijamfuata. Niliyojifunza nataka nikushirikishe leo, kwa maana huenda na wewe nyumbani kwako kuna anayeuliza swali hilohilo kimyakimya.

Swali la kijana lilikuwa na ukweli ndani yake. Mwaka 1964, mwanasayansi Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni, wakiwa Israeli, walifanikiwa kuitenga kemikali inayolevya iliyomo katika bangi. Mwaka 1988, watafiti wa Marekani wakagundua kwamba katika ubongo kuna vipokezi ambavyo kemikali hiyo hujishikiza, mfano wa ufunguo unaoingia kwenye kufuli. Hapo likazuka swali kubwa: kufuli hili linafanya nini ndani ya mwili wa mtu ambaye hajawahi hata kuiona bangi?

Jibu lilipatikana mwaka 1992. Katika maabara ya Mechoulam, William Devane na Lumír Hanuš waligundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza ufunguo wake. Wakauita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha. Mwaka 1995 ukapatikana ufunguo wa pili. Vipokezi, funguo hizo, pamoja na vimeng'enya vinavyozitengeneza na kuzivunja, kwa jumla huitwa mfumo wa endokanabinoidi. Jina limetokana na bangi kwa sababu tu bangi ndiyo iliyowaelekeza wataalamu huko. Mfumo wenyewe haukuwekwa kwa ajili ya bangi.

Kazi yake ni kuurudisha mwili kwenye utulivu. Ukishtuka, unasaidia moyo wa hofu kupoa. Ukiumia, unapunguza makali ya maumivu. Unahusika na usingizi, na hamu ya kula, na kumbukumbu. Kemikali ya aina hii imo hata katika maziwa ya mama. Watafiti walipovizuia vipokezi hivyo kwa panya waliozaliwa punde, watoto wale wa panya waliacha kunyonya wakafa. Tafakari jambo hilo, msomaji wangu. Zaburi ya 139 inamsifu Mungu kwa jinsi alivyomuumba mtu kwa namna ya ajabu, na mimi nilikuwa nikiisoma miaka yote nikifikiria macho na mikono tu.

Sasa turudi kwenye swali: dhambi iko wapi?

Ufunguo wa Mungu hutengenezwa pale unapohitajika, kwa kiasi kinachohitajika, na ukimaliza kazi yake huvunjwa haraka. Bangi haifanyi hivyo. Inafungua makufuli mengi kwa wakati mmoja, yanayohitaji na yasiyohitaji, na inakaa kwa saa nyingi. Anayeivuta kila siku, mwili wake hupunguza vipokezi, na hapo furaha ya kawaida inazidi kuwa ngumu kwake. Kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua, hatari ni kubwa zaidi, ikiwa ni pamoja na kuugua akili. Kuwepo kwa kufuli mlangoni si ruhusa kwa kila mwenye ufunguo bandia.

Lakini tusiishie hapo. Kumwambia mtu "acha" bila kumwambia ashike nini ni kumwacha njiani. Mfumo huu unalishwa, na sehemu kubwa ya chakula chake iko sokoni kwetu.

Funguo hizo za mwili hujengwa kwa mafuta tunayokula. Yapo mafuta ya aina mbili ambayo mwili hauwezi kujitengenezea: omega-6 na omega-3. Omega-6 tunayo ya kutosha, kwa kuwa imejaa katika mafuta ya alizeti na ya mahindi tunayopikia. Inahitajika, na si sumu. Tatizo ni kwamba omega-3 mara nyingi ni haba. Mwaka 2011, watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, waliwanyima panya omega-3, na mfumo huu katika ubongo wao ukaacha kufanya kazi inavyopasa. Omega-3 inapatikana katika dagaa, vibua, jodari na samaki wengine wenye mafuta. Dagaa wale tunaowadharau, tukasema ni chakula cha mwisho wa mwezi! Wapike mchuzi badala ya kuwazamisha kwenye mafuta, na watoto wale.

Kuhusu chipsi, jihadhari. Watafiti wa California waligundua kwamba panya wakionja mafuta tu, utumbo wao huzalisha kemikali hizi kwa wingi, nazo huwasukuma waendelee kula. Huenda ndiyo sababu sahani ya chipsi ni ngumu kuiacha nusu. Vilevile, watafiti wa Chicago waliwapa watu saa nne na nusu za kulala badala ya saa nane na nusu, kwa siku nne. Kemikali hizi zilipanda kuliko kawaida, na watu wale wakashindwa kujizuia mbele ya vitafunwa. Kwa hiyo usingizi nao ni sehemu ya lishe. Mazoezi pia: kukimbia au kutembea kwa kasi mpaka jasho likutoke huongeza anandamidi katika damu.

Kumbuka, chakula hakichukui nafasi ya daktari. Huzuni isiyoisha, kukosa usingizi kwa wiki nyingi, kutamani kufa, hayo yapelekwe hospitali bila kuona aibu. Anayekuuzia chupa na kukuahidi kwamba itaponya yote, mwepuke.

Umesoma habari za Eliya katika 1 Wafalme 19? Nabii mkubwa, aliyetoka kushinda pale Karmeli, amelala chini ya mti jangwani akiomba afe. Malaika alipokuja, hakuanza na mahubiri, wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kingine, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Sauti ya Mungu kule Horebu ilikuja baadaye, baada ya kula, kulala na kutembea siku arobaini.

Mimi nilianza na karipio. Malaika alianza na mkate.

Basi nilikwenda kwa kijana yule, nikamwomba radhi. Alikiri kwamba ameshaanza kuvuta, usiku tu, ili asimwote mama yake. Sikuwa na hotuba. Sasa kila Jumamosi jioni tunatembea naye mpaka kilimani na kurudi, kisha anakula kwetu. Mama watoto hupika dagaa na ugali. Amekubali tumsindikize kumwona mtaalamu wa afya ya akili. Hajaacha kabisa, sitakudanganya. Lakini Jumapili iliyopita alikuwepo ibadani, na alikaa mpaka mnada ukaisha.

Wewe je, katika usharika wako ni nani hajaonekana wiki hizi? Kabla hujamwandalia maneno, mwandalie sahani.