Khutba isiposikika, dawa si spika kubwa

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Nyegezi, Mwanza

Katika vikao vya kamati za misikiti, ombi ambalo halikosi ni la spika kubwa zaidi. Waumini wa safu za nyuma hulalamika kuwa khutba haisikiki. Akina mama walio nyuma ya pazia husema wanasikia mvumo tu, si maneno. Michango huitishwa, amplifaya mpya hununuliwa, na Ijumaa inayofuata mvumo ule ule hurejea, safari hii ukiwa na nguvu zaidi. Anayetaka kujua kwa nini fedha za waumini hupotea namna hiyo hana budi kuanzia kwenye swali la msingi: sauti ni nini, nayo husafiri vipi?

Sauti huanza na mtetemo. Weka vidole kooni, kisha tamka herufi zayi kwa kuivuta. Utahisi koo likitetemeka. Sasa tamka sini bila kuuhamisha ulimi. Koo litatulia, na kitakachosikika ni pumzi inayopenya penye ncha ya ulimi. Watoto wetu wa madrasa hulisoma jambo hili katika tajwidi: herufi hizi mbili zina makhraji moja, lakini zayi ni katika herufi za jahri na sini ni katika herufi za hamsi. Wanazuoni wetu walilizingatia mapema. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi wa Basra, katika karne ya 2 Hijria, aliipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kufuata mahali herufi zinapotokea, akianzia kooni na kuishia midomoni.

Mtetemo huo hulifikiaje sikio la msikilizaji? Tazama safu ya watu waliosimama bega kwa bega. Akisukumwa wa mwanzo, humgusa wa pili, naye wa tatu, hadi msukumo ukamfikia wa mwisho, ilhali kila mmoja amekwisha kurudi mahali pake. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Chembe zake husogea kidogo na kurudi. Kinachosafiri ni msukumo. Tena hausafiri upande mmoja tu. Ikhwan al-Safa wa Basra, katika karne ya 4 Hijria, waliueleza kwa mfano wa fundi wa vioo apulizaye kioo cha moto kikavimba pande zote kama tufe.

Mwendo wa sauti hewani ni takriban mita 343 kwa sekunde, joto likiwa nyuzi 20. Sisi wa Mwanza tuna kipimo cha kuona kwa macho: Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3. Sauti ingelivuka kwa hewa katika muda wa karibu sekunde 9. Chini ya maji ya ziwa ingetumia sekunde 2 hivi, kwa kuwa majini sauti huenda zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Ndiyo maana radi ikimulika juu ya ziwa, ngurumo huchelewa. Hesabu sekunde zilizopita baina ya mwanga na ngurumo, ugawe kwa 3, utapata umbali wake kwa kilomita.

Kadiri tufe lile la sauti linavyotanuka, nguvu yake hugawanyika katika eneo kubwa zaidi. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, nguvu inayofika sikioni hubaki robo. Sikio nalo lina tabia yake. Ili lihukumu kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu ya amplifaya haitoshi kuzidishwa mara mbili. Huhitajika karibu mara kumi. Kamati inayobadilisha amplifaya ya wati 100 kwa ya wati 200 imelipa fedha nyingi kwa tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida.

Ndani ya msikiti kuna jambo jingine, nalo ndilo kiini cha malalamiko. Sauti ikigonga kitu kigumu na laini kama kioo, hurudi. Kwenye vilima vya mawe vya mji wetu huitwa mwangwi: unaita, nalo jiwe kubwa linakujibu. Ili sikio liutenge mwangwi na sauti ya kwanza, jiwe au ukuta uwe mbali kwa kiasi cha mita 17 au zaidi. Ndani ya jengo kuta ziko karibu, kwa hiyo sauti hurudi upesi, tena mara nyingi, kutoka kwenye vigae vya sakafu, kuta za saruji, vioo vya madirisha na dari. Marejeo hayo huungana yakawa mvumo. Neno la pili la khatibu hulikuta la kwanza halijazimika, la tatu likawakuta yote mawili. Ukiongeza nguvu ya spika, umeongeza neno na mvumo wake kwa pamoja, na uwiano wao umebaki vile vile.

Kisa cha mwalimu mmoja wa Marekani kinalithibitisha hili. Mwaka 1895 Wallace Sabine alitakiwa atibu ukumbi mpya wa Chuo Kikuu cha Harvard ambamo wanafunzi hawakumwelewa mhadhiri. Alikuta kuwa sauti ilidumu humo karibu sekunde 5 na nusu, muda ambao msemaji amekwisha kutamka maneno zaidi ya kumi. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akaipanga kidogo kidogo huku akipima kwa saa. Kila mito ilipoongezeka, mvumo ulipungua. Alibaini kuwa vitu laini hunywa sauti, miili ya watu huinywa pia, na dirisha lililo wazi huinywa yote, kwa maana sauti ikitoka hairudi.

Hapa tunafahamu kwa nini msikiti huvuma zaidi kwenye darsa la watu kumi kuliko Ijumaa uliojaa. Tunafahamu pia kwamba zulia nene na mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma huweza kusaidia kuliko amplifaya mpya. Spika ndogo kadhaa, zilizo karibu na wasikilizaji na zenye sauti ya chini, hufikisha maneno kabla mvumo haujayafunika. Safu za akina mama zinastahiki spika zao, si masalio ya sauti iliyokwisha kugonga kuta tatu.

Nje ya msikiti, adhana ina hesabu nyingine. Bilal bin Rabah aliadhini kutoka juu ya nyumba iliyokuwa ndefu kuliko nyingine karibu na msikiti wa Madina. Kimo huivusha sauti juu ya kuta na miti. Alfajiri hali ya hewa huisaidia zaidi: ardhi imepoa, hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa ikipotelea angani hupinda ikarudi chini. Daladala za stendi ya Nyegezi nazo hazijaanza vurugu zake. Kwa hiyo kiwango kinachofaa adhuhuri huzidi alfajiri, na jirani mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ana haki juu yetu. Tusisahau na watoto wanaopenda kukaa chini ya spika. Kwenye desibeli 85, wataalamu hushauri mtu asizidi saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda hupungua nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu, na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Kabla ya kuitisha mchango mwingine, kamati ifanye jaribio lisilogharimu kitu. Mtu asome kwenye mimbari maneno 20 yasiyohusiana: ndoo, kaburi, samaki, ufunguo. Wasikilizaji waketi safu ya nyuma na upande wa akina mama, kila mmoja aandike alichosikia. Kisha sauti iongezwe, yasomwe maneno mengine 20. Ikiwa makosa hayakupungua, basi tatizo liko kwenye kuta, na fedha ziende kwenye mazulia na mapazia. Karatasi za akina mama zisomwe kwanza, kwani wao ndio waliosubiri muda mrefu zaidi kuisikia khutba.

Wabillahi tawfiq.