Wajibu wa Wadhamini katika Shirika la Hisani la Watoto: Mfano wa Kids Company

Makala haya yanafafanua wajibu wa wadhamini wa mashirika ya hisani yanayolinda watoto, kwa kurejelea Kids Company, lililoanzishwa London mwaka 1996. Shirika hilo liliwapokea pia watoto waliofika wenyewe kuomba msaada. Hivyo mahitaji yalielekea kuyazidi mapato, na akiba ikabaki ndogo. Mwaka 2015 zilizuka tuhuma za unyanyasaji, ambazo polisi baadaye hawakuzipatia ushahidi. Wafadhili walisita, na mwezi Agosti shirika likafungwa. Watoto waliolitegemea wakakosa huduma ghafla.

Mwaka 2016 kamati ya Bunge la Uingereza iliwalaumu wadhamini kwa usimamizi dhaifu wa fedha. Kinyume chake, mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuwazuia kuongoza kampuni, ikieleza kuwa bila tuhuma hizo huenda shirika lingenusurika. Mitazamo hiyo miwili inakutana katika jambo moja: uadilifu na kujitolea kwa wadhamini havikutosha kulihimilisha shirika lisilo na akiba. Kwa hiyo, kuweka akiba si suala la uhasibu pekee, bali ni sehemu ya ulinzi wa mtoto.