Mpe Kamba Harufu, Usimpe Dawa ya Hospitali

Wako wafugaji wa kamba wanaolalamika: "Kamba wangu hawali, hawakui." Sababu moja ni chakula chenyewe. Kamba hutafuta chakula zaidi kwa kunusa. Hunusa kwa papasi, yaani zile nyuzi za kichwani. Chakula kisicho na harufu hakimvuti. Huoza chini ya bwawa na kuchafua maji.

Dawa yake ni rahisi. Katika chakula changanya unga kidogo wa ngisi au wa dagaa. Harufu yake huwaita kamba. Walishe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Weka chakula kiasi katika sinia ndani ya maji, kisha ukitazame baadaye. Kikibaki, punguza.

Lakini wako wanaochanganya dawa za kuua vijidudu ili kamba wanenepe. Hii ni hatari. Vijidudu vingine huizoea dawa, navyo huzaana. Huweza kuwafikia watu kwa maji, kwa mikono na kwa kamba wenyewe. Mtoto akiugua, dawa ile huenda isimponye. Tena dawa iitwayo kloramfenikoli huweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Kwa sababu ya mabaki ya dawa hiyo, mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulizuia kamba kutoka China. Wafugaji walikosa soko.

Je, kamba wako wanaugua? Mwite Bwana Samaki au Bibi Samaki. Usijitibie bwawa kwa kubahatisha.