Daftari la Timboroa na Masomo ya Bure

Katika saiba moja ya Timboroa, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kuna daftari ambalo halijanitoka akilini. Nililiona nikisubiri karatasi zangu zichapishwe, nikadhani ni la madeni. Kumbe kila mstari una jina la mwanafunzi, somo lake la mtandaoni na dakika: uhasibu, video ya tatu, dakika ya 11; ufugaji wa kuku, video ya kwanza, dakika ya 6. Hapo ndipo kila mmoja alipokomea. Wino wa bluu ni wa aliyeishiwa bando au kupotelewa na stima. Mwekundu ni wa aliyeitwa nyumbani. Viazi vikianza kuvunwa, kurasa nzima hugeuka nyekundu.

Mama mwenye saiba ndiye huliandika. Usiku, bando likiwa nafuu, hupakua video na kuzitia kwenye flashi. Asubuhi vijana walioishiwa bando huzitazama bila kuingia mtandaoni. Anayerudi, hata baada ya miezi miwili, huanzia kwenye dakika yake.

Dunia ina hesabu nyingine. Mwaka 2011 somo la bure la akili bandia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford liliandikisha watu zaidi ya 160,000, na wengi mno hawakulimaliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu masomo ya Harvard na MIT ulionyesha kwamba waliohitimu ni kama asilimia 3 tu. Kati ya waliolipia cheti, waliohitimu walifika asilimia 46.

Nilipomsomea takwimu hizo, mama alitikisa kichwa. Waliolipa walimaliza kwa sababu walilipa, aliuliza, au waliweza kulipa kwa sababu tayari walikuwa na nafasi, stima na utulivu? Alinionyesha jina la binti aliyetazama video zote, halafu akakuta mtihani wa mwisho umefungwa mpaka alipe kwa dola. Mbele ya jina lake hakuna dakika. Mama anasema alikosa rangi ya kumwandikia.

Mafunzo ya mbali yanaweza kupangwa vingine. Kuanzia 2013, Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu hapa Uasin Gishu, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Kenyatta na vyuo vya Kanada kuwasomesha wakimbizi na walimu wa kambi za wakimbizi za Dadaab. Masomo ya mtandaoni yalikwenda pamoja na ya ana kwa ana, na palikuwa na kituo cha kusomea. Gharama ilibebwa na wafadhili. Wakiondoka wafadhili, nani abebe?

Ombi la mama ni dogo: mitihani nayo ipakulike kama video, na cheti kilipiwe kwa shilingi, kwa M-Pesa. Lakini vijana humwuliza kama mwajiri wa Eldoret atakipokea cheti hicho, naye huwaambia ukweli kwamba hajui. Waajiri ndio wenye jibu, na ni haki ya vijana hawa kulisikia kabla hawajanunua bando lingine.