Jina la Chanel, mali ya Wertheimer

Uliza manukato ya Chanel No. 5 ni ya nani, na wengi watakutajia Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Paris. Jina ni lake kweli. Mali ilikuwa ya wengine karibu tangu mwanzo.

Yalitoka mwaka 1921. Aliyeyatengeneza ni Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow. Alimwekea Chanel sampuli zenye namba, naye akachagua ya tano. Zama zile manukato mengi ya kike yalinukia ua moja, la waridi au jingine. Beaux alichanganya asmini ya Grasse, waridi na langilangi, ua tunalolijua vyema pwani na ambalo mafuta yake Komoro huyauza nje kwa wingi. Kisha akazidisha aldehaidi, kemikali za maabara zinazoyapa maua usafi mkali, kama shuka iliyotoka kufuliwa. Ukinusa, hulitambui ua lolote peke yake.

Lakini duka la nguo halina njia ya kufikisha chupa kila nchi. Mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya Parfums Chanel pamoja na ndugu Pierre na Paul Wertheimer, wenye kiwanda cha vipodozi cha Bourjois. Wao walichukua asilimia 70 ya hisa. Théophile Bader wa duka la Galeries Lafayette, aliyewakutanisha, 20. Chanel 10 tu.

Kwa miaka mingi alidai amepunjwa. Mwaka 1941, Paris ikiwa mikononi mwa Wanazi, aliomba akabidhiwe kampuni kwa kuwa wenye hisa walikuwa Wayahudi. Huo ulikuwa uovu, na harufu nzuri isitusahaulishe. Alikuta akina Wertheimer wamemtangulia: walikuwa wamekwishamwandikisha hisa Félix Amiot, Mfaransa mtengenezaji wa ndege asiye Myahudi, wakakimbilia Marekani. Vita vilipokwisha, Amiot akazirudisha.

Mwaka 1947 pande hizo mbili zilipatana: Chanel alipwe asilimia 2 ya mauzo ya dunia nzima. Akatajirika. Ajabu zaidi, aliporudi kwenye mitindo mwaka 1954, aliyegharimia ni Pierre yuleyule. Hesabu yake ilikuwa sahihi: gauni la Chanel hununuliwa na wachache, ila sifa yake ndiyo inayowauzia wengine wote chupa. Leo magauni na manukato, vyote ni vya wajukuu wa Pierre, Alain na Gérard Wertheimer.