MANENO YA GOFU YA DISIKI: MAANA YAO KWA WENYE KUANZA



Mara hii tunapenda kueleza maneno ya mchezo ambao wengi kati yetu wanausikia kwa jina tu: gofu ya disiki. Mtu akifungua kanuni zake anakuta haiza, mando, bogi, pati, na kisha anafunga kitabu. Lakini maneno haya hayako magumu. Kila neno liko na kazi yake: linaonyesha mchezaji afanye nini, ao ahesabu nini. Na hapa kuhesabu ni jambo kubwa, ju mara nyingi hakuna mwamuzi mwenye filimbi sawa kwenye mpira. Wachezaji wenyewe ndio wanaangaliana na kuandika. Kama hawasikilizane kwa maneno, hawatasikilizana kwa hesabu pia. Maneno tunayaandika hapa namna masikio yetu yanavyoyasikia.

1. MCHEZO UNATOKA WAPI

Ulikomaa California, kule Marekani. Ed Headrick, aliyetumika katika kampuni Wham-O yenye kutengeneza Frisbee, ndiye anaitwa baba ya mchezo. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka wa 1975 katika Oak Grove Park. Mwaka wa 1976 Headrick alianzisha chama cha wachezaji, PDGA, ambacho hata leo ndicho kinaandika kanuni. Alikufa mwaka wa 2002.

Mwanzoni walikuwa wakilenga nguzo. Sasa, disiki ikipita mbio karibu na nguzo, nani anajua kama imeigusa? Mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema hapana. Kwa hiyo Headrick alifanya KITUNGA: chombo cha chuma juu ya mti wa chuma, na minyororo inaning’inia juu yake. Disiki inapiga minyororo, inapoteza nguvu, inaanguka ndani. Ubishi umekwisha: iko ndani ao haiko ndani.

2. DISIKI

Ni kitu cha plastiki, cha mviringo sawa sahani, upana wake karibu santimeta 21. Kuko aina tatu. DRAIVA iko na ukingo mwembamba, ni ya kufika mbali. MIDIRENJI ni ya katikati. PUTA iko na ukingo mnene, inaenda polepole na kunyooka. Ni ya kumalizia karibu na kitunga. Mwenye kuanza anapenda kukamata draiva mara moja. Asifanye vile. Draiva inataka mkono wenye mwendo mkali. Mwendo ukikosa, inageuka mapema na kuanguka kando. Aanze na puta ao midirenji.

3. UWANJA NA HESABU

SHIMO: hakuna shimo lililochimbwa. Neno limebaki tu kutoka gofu ya zamani. Hapa shimo ni njia yote kutoka pahali pa kuanzia, panapoitwa TII, mpaka kwenye kitunga. Viwanja vingi viko na mashimo 9 ao 18.

PARI: hesabu ya mitupo ambayo mchezaji hodari anangojewa kumaliza nayo shimo. Mara nyingi ni 3. Ukimaliza kwa mtupo mmoja chini ya pari, umepata BEDI. Ukipita pari kwa mmoja, ni BOGI. Ukiingiza kwa mtupo wa kwanza kabisa, ni EISI, na hapo wote wanapiga kelele. Mwishoni, mwenye hesabu ndogo ndiye mshindi. Wale waliozoea mpira wasisahau jambo hili!

4. NAMNA YA KUTUPA

BAKANDI: mkono unavuka kifua na kufunguka kwenda mbele, mgongo wa mkono ukitangulia. FOHANDI: mkono unatoka upande wake, kiganja kikitangulia. HAIZA: kuinamisha ukingo wa nje wa disiki chini. ANHAIZA: kuuinua juu. Mwenye kutumia mkono wa kuume kwa bakandi, haiza yake inakwenda kushoto, anhaiza inakwenda kuume. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ageuze maneno haya.

FEDI: mwendo ukipunguka, disiki inageuka yenyewe mwishoni. Kwa bakandi ya mkono wa kuume inaenda kushoto. Ndiyo sababu wenye kuzoea hawalengi kitunga sawasawa wakiwa mbali. Wanalenga kuume kidogo na kuacha disiki irudi.

5. PAHALI PA KUSIMAMA

LAI: pahali unapotupia mtupo wako unaofuata, kufuatana na pahali disiki ilipolala. MARKA: kidisiki kidogo unachoweka kwenye ukingo wa mbele wa disiki, upande wa kitunga, mbele ya kuiokota. Ukitupa, mguu wako ukanyage nyuma ya marka, katika nafasi yenye upana wa santimeta 20 na urefu wa santimeta 30. Ukikanyaga mbele yake, ni kosa la mguu.

PATI: mtupo wa kuingiza disiki kitungani. Ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kitunga, usijitupe mbele. Baada ya kuachia disiki, kwanza uonyeshe kwamba umesimama imara nyuma ya marka, kisha utembee.

O.B.: nje ya mpaka. Disiki ikilala yote nje ya mstari, unaongeza 1 kwa hesabu. MANDO: alama, mara nyingi mshale juu ya mti, inayolazimisha disiki kupita upande fulani. Ukikosa upande ule, unaongeza 1 pia. Disiki ikipotea, mnaitafuta kwa dakika 3. Isipoonekana, unaongeza 1 na kurudia pahali ulipotupia.

FO! Hili ni neno la kulia kwa sauti kubwa disiki ikielekea mtu. Usingojee kuona kama itamfikia. Kumbukeni pia: disiki ngumu ikipiga uso, haicheki.

Nani anatupa kwanza? Baada ya mitupo ya kuanza, ni yule aliye mbali zaidi na kitunga. Wengine wananyamaza na kusimama nyuma.

6. MFANO

Pari ni 3. Mchezaji anatupa draiva, inaangukia O.B. Anatupa tena kutoka ukingo wa mpaka, anafika karibu na kitunga. Anaingiza kwa pati. Amepata ngapi?

Mkono wake umetupa mara 3. Mwenye haraka atasema: pari! Lakini hapana. Mitupo 3, na 1 ya O.B., ni 4. Ni bogi. Ile moja haionekani kwa macho. Inakaa katika kanuni na katika kinywa cha mchezaji. Kama disiki iliangukia nyuma ya vichaka na yeye peke yake aliiona, wenzake wataandika hesabu atakayoitaja.

Ndiyo maana tunasema maneno haya si mapambo. Mwenye kujua maana ya O.B. na bado anasema «tatu» hakukosa kwa kutojua. Na yule anayesema «nne» wakati hakuna aliyemwona, huyo amejifunza mchezo, hata kama amekuwa wa mwisho.

Wenye kutaka kujaribu wanaweza kufunga kitunga cha zamani juu ya nguzo, kupima mita 10, kuweka mpaka kwa kamba, na kutupa kifuniko cha ndoo. Hakitaruka sawa disiki ya kweli, lakini marka, pati na O.B. mtazijua vizuri. Mchague pahali mbali na madirisha ya masomo na njia ya watu wanaoenda kuchota maji. Na mmoja wenu akamate karatasi na kalamu tangu mtupo wa kwanza, si mwishoni wakati kila mtu anakumbuka yanayomfaa.

Tunawatakia mchezo mwema.