Kijana Mkali Uwanjani Asifukuzwe Upesi
Katika viwanja vya Mapinga tunamwona kijana mwenye kipaji akigombana na mwamuzi, nasi husema: ndiyo tabia yake. Wataalamu wanatufundisha kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kujizuia na kupima matokeo, hukomaa karibu na miaka 25; zile za hisia hutangulia. Hivyo ukali wa miaka 16 si hukumu ya maisha. Uthubutu wa ujana una faida pia: Filbert Bayi alikuwa na miaka 20 alipoongoza tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, mwaka 1974. Tunaziomba kamati za sharika: kabla ya kumfuta kijana, apumzishwe mchezo mmoja, apewe mlezi, kisha arudishwe. Nanyi wafadhili, pamoja na mipira, yakumbukeni mafunzo ya makocha.